Sweta la Kiranja Mkuu

Vyama vingi viliporudi nchini, mwalimu wetu wa nidhamu pale Katandala alitangaza kwamba na sisi tutamchagua kiranja mkuu wenyewe. Wagombea walikuwa wawili, mmoja mfupi kama mimi, mwingine mrefu kuwapita walimu wote. Tuliambiwa tufumbe macho na kunyoosha mikono, yeye ahesabu. Siri gani hiyo, anayoijua mwalimu tu? Alipotajwa yule mfupi, nilisikia mikono ikinyanyuka pande zote. Akatangazwa mrefu. Tukapiga makofi. Hapohapo mwalimu akatoa kwenye mfuko sweta jipya la kiranja mkuu, la kufumwa kwa mkono, maana baridi ya Sumbawanga haina mchezo. Mshindi akalivaa, likamkaa barabara mpaka kwenye viganja. Mpaka leo nauliza: mfumaji alimpima lini?