Mashine Niliyoiposa Bila Kuuliza Inakula Nini

Enzi zetu konsoli ya michezo ilikuwa moja kwa avenue nzima, mtaa wetu wote, na ilikuwa ya kwetu. Mjomba alitoka nayo Salamabila baada ya kupata dhahabu kidogo, akaifunga kwa shuka nyuma ya pikipiki, ikafika Kasongo na vumbi jekundu mpaka ndani ya manete, zile rimoti za kuchezea. Tuliiunganisha na televisheni ndogo, tukaipa umeme wa pano moja ya jua na betri ya gari. Baada ya masomo watoto walijaa sebuleni, wa kanisani na wa msikitini, miguu ikinuka matope ya shamba la mpunga, mama akipita na sinia la karanga za kukaanga. Hakuna aliyeshika manete bila kuuliza kwanza, "Iko zamu ya nani?"

Mimi nilikuwa bingwa. Sijisifu, waulizeni walionifunga, kama mtawapata.

Nilipofika darasa la nne la sekondari, konsoli ikanichosha. Fundi mmoja sokoni alinionyesha mchezo kwenye kompyuta yake: nyasi za uwanja ungeweza kuzihesabu. Nikaanza bajeti. Likizo mbili nilibeba magunia ya mpunga na kuchaji simu za majirani. Nilikuwa pia katika likilimba yetu, vijana sita, kila Jumamosi kila mmoja anaweka chake na mmoja anabeba chote. Zamu yangu ilipofika, sikununua hata soksi. Kwenye daftari niliandika kila kitu: kasha la mashine, skrini, kibodi, kipanya, karte ya picha, ile kadi inayong'arisha michezo, nauli ya pikipiki kutoka Bukavu, hata sabuni ya kunawa kabla ya kuigusa. Palipopungua, niliandika: kuuza konsoli.

Baba, ambaye alilima mpunga maisha yake yote, alilisoma daftari lile polepole, akalifunga.

"Unatoa mahari ya bibi," akasema, "lakini haujauliza anakulaka nini."

Nilitabasamu tu. Nilikuwa wa kwanza darasani, naye hakuwahi kugusa kibodi. Konsoli nikamuuzia mfanyabiashara wa Kabambare.

Mashine ilifika siku ya soko. Avenue nzima ilikuja. Wengine walivaa nguo za ibada. Nikawasha. Skrini ikang'aa, uwanja ukatokea, nyasi zile zile. Watu wakapumua kwa pamoja. Kisha giza. Konsoli ilikuwa ikila kidogo kama kuku. Mashine hii ilimaliza betri kabla sombe ya mama, majani yale ya muhogo, haijachemka. Tukaacha betri ijae siku mbili, tukajaribu tena. Giza tena. Konsoli haikuwapo, na mfuko wangu ulikuwa mtupu.

Saleh, rafiki yangu wa dawati moja, akainuka. "Ndugu yetu ameuza mbuzi, akanunua kamba," akasema. "Sasa tufunge nini?"

Walicheka mpaka nikatoka nje. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Jumamosi iliyofuata likilimba ilikuwa ya Saleh. Kila mtu alijua alikuwa akisubiri viatu vya mpira. Alikuwa winga wetu wa kushoto na alicheza peku. Alihesabu noti mbele yetu, akazisukuma kwangu.

"Kamata. Tafuta betri ingine na pano. Miye nimezoea miguu mitupu."

Mwaka ule wote alicheza peku, na mabao alifunga. Mashine ikawaka. Tulicheza kwa zamu, na juu yake nikajifunza kuandika programu, kufungua, kuharibu na kutengeneza. Ndiyo iliyonipeleka Bukavu, nikarudi na diploma ya informatique, elimu ya kompyuta, imo kwenye fremu sebuleni. Mgeni hawezi kuikosa, nimehakikisha.

Leo nimejenga. Pano nane ziko juu ya mabati yangu, na kompyuta yangu ya michezo haijui njaa. Vijana wanakuja kuniuliza bei ya karte ya picha; nikiwauliza pano zao ngapi, wanaangalia simu. Kila mmoja ana mchezo wake mfukoni, ameinama peke yake kama anayetafuta sindano, na hajui jirani yake amefungwa ngapi. Tulikuwa na betri moja, na hakuna aliyecheza peke yake.

Wiki iliyopita Saleh alipita akitoka Lusangi, ndevu zina mvi. Nilimpa jozi ya viatu vya mpira, vipya, ndani ya boksi. Alivitazama, akacheka, akaviweka kando. Alivua kandambili zake, akaketi mbele ya skrini yangu kubwa. Manete mbili zilikuwa mezani, na chumbani tulikuwa wawili tu. Hata hivyo hakugusa kitu.

"Iko zamu ya nani?" akauliza.