Jezi Zilizochuja

Siku ile ya jezi, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu ya sabuni. Umeniuliza kwa Kiswidi kwa nini timu yetu ya mtaa wa Bredäng inavaa rangi ya waridi. Nami nakujibu kwa Kiswahili, tena nimesimama, maana kukaa siwezi. Usiandike kwanza katika hicho kitabu cha timu, nisikilize.

Jezi zetu zilikuwa nyeupe pe. Alizitafuta Mama Nakato, Mganda aliyekimbilia huku zamani, na ndiye aliyezifua kila wiki. Wiki hiyo alikuwa na zamu ya kazi kule Märsta, akaniachia mimi nizifue bila timu kujua. Nami kijana wa mbiombio, na zamu yangu ya chumba cha kufulia cha jengo ilibaki saa moja tu! Nikatia kila kitu kwenye mashine moja, maji ya moto, pamoja na kanga nyekundu ya mchumba wangu. Kanga mpya, mwanangu, haijalowekwa hata kwenye maji ya chumvi! Nilipofungua mlango, lahaula, jezi zote waridi.

Kesho yake uwanjani kapteni akafoka, "Nani kafanya hivi?"

Ulimi ukaniteleza. "Mama Nakato kazifua na kanga yake."

Wakaamua palepale asiguse jezi tena. Alipofika na chupa ya chai na mandazi, kama kawaida yake, hakuna aliyenyoosha mkono. Kapteni akamtupia lawama, wala hakubisha. Alinivuta pembeni, akaniambia taratibu, "Kanga kuchuja, sawa, ni kitambaa. Wewe je, kijana wangu, mbona umechuja mapema hivi?"

Masikio yaliniwaka kwa aibu, nikainama kujifanya nafunga kamba za viatu. Akaondoka na mandazi yake.

Tukacheza tumevaa hizo za waridi, tukashinda, kapteni akasema jezi hizi zina bahati, zisibadilishwe. Rangi ikabaki hivyo hadi leo. Mama wa watu hakukanyaga tena uwanjani, na mimi kila nilipoivaa iliniwasha mwili mzima.

Sasa nyinyi mnataka kuandika kitabuni kwamba waridi ni rangi ya flamingo, wale ndege wa Ziwa Nakuru. Maneno matamu, na aliyeyaanzisha ni mimi mwenyewe, mzee mzima! Yafute. Andika jina langu, andika kanga, andika kwamba Mama Nakato hakuwa na kosa. Ila ngoja hadi jioni. Yuko hai, anakaa Upplands Väsby, na lazima asikie haya kwanza kutoka kinywani mwangu. Koti nimeshavaa, unaliona.

Ukikosea, mwanangu, sema siku hiyohiyo, aliyelaumiwa angali mbele yako. Usingoje upate maneno mazuri, hayaji. Mimi nilingoja mpaka nimeota mvi, na huenda asinifungulie mlango.

Mola akupe ulimi mwepesi wa kukiri, akuepushe na kuvaa uongo wako mgongoni maisha yako yote. Haya, nipe huo mkoba, polepole, kuna chupa ya chai. Mandazi nimeyapika mwenyewe alfajiri. Niombee anyooshe mkono.