Plasma baridi iko juu ya kichwa chako, Mwalimu

Leo mwalimu amepanda juu ya dawati kwa sababu yangu.

Alikuwa anachagua kazi za maonyesho ya sayansi ya mkoa. Mimi nikaeleza jinsi maabara zinavyopitisha plasma baridi, yaani gesi yenye chaji za umeme isiyounguza, kwenye mbegu ili zinywe maji na kuota haraka. Niliwaza mbegu za pamba ambazo bibi yangu kule Lalago husugua kwa majivu kabla ya kupanda.

Akacheka. "Plasma ni jua, binti. Baridi umeitoa wapi? Tengeneza sabuni kama wenzako."

Darasa zima likacheka. (Ndiyo, hata nyie wanadarasa wenzangu mnaosoma hapa.)

Nikaonyesha taa ya tyubu juu ya kichwa chake. "Gesi inayowaka humo ni plasma, Mwalimu. Iguse, haikuunguzi."

Akapanda, akagusa, akashuka.

"Haya, jiandike. Kwa penseli, bado nafikiria."

Nimejiandika kwa wino.

Niambieni nimekosea wapi.