Ugonjwa Alioukataa Wachuka

Ukishuka kituo cha Bahati, karibu na Nakuru, leo na kuuliza ni nani anayefuma sweta, utaonyeshwa kibanda cha mabati nyuma ya kinu cha posho. Atakayekuonyesha atapunguza sauti kwanza. Huyo ni Wachuka, atasema, yule wa gazeti.

Kabla ya gazeti, Wachuka alikuwa mjane mwenye duka linalotazama barabara kuu, mashine tatu za kufuma na wasichana wawili wa kumsaidia. Alishona na kufuma sare za shule kadhaa za eneo hilo. Kanisani alikuwa mweka hazina wa akina mama, kazi ambayo hapewi mtu wa kushukiwa.

Kilichomwangusha ni adabu. Mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni alimwagiza sweta mia sita za rangi ya maruni, zenye mstari wa njano shingoni. Alimwagiza kwa mdomo, kama alivyofanya kila mwaka, na Wachuka hakudai maandishi, kwa kuwa kumdai karatasi mtu aliyekusomeshea mtoto kungeonekana dharau. Alikopa, akanunua uzi, akafuma. Mwezi wa kwanza mwalimu huyo alihamishwa, na aliyekuja akabadilisha sare kuwa ya kijani.

"Agizo gani?" mwalimu mpya alimuuliza, akifungua faili na kulifunga. "Hapa sioni kitu, mathe. Jaribu shule zingine."

Hakuna shule nyingine iliyokuwa na mstari wa njano.

Deni la uzi lilimfanya akope kwa chama cha akiba, la chama likamfanya akope kwenye simu, na wakopeshaji wa simu wakaanza kuwapigia watu ambao namba zao zilikuwa kwenye simu yake: mteja mmoja, kisha fundi wa mashine, kisha mchungaji. Wachuka alizoea kuzima simu wakati wa ibada na kuiwasha chooni. Aliwaachisha kazi wasichana wake huku akiwaambia kuwa anataka kupumzisha mgongo. Jumapili alivaa vizuri kuliko zamani.

Wakili Sitati, ambaye ofisi yake iko ghorofani mjini Nakuru, alimsikiliza hadi mwisho.

"Kuna sheria, mama. Unaenda kortini mwenyewe kabla hujapelekwa. Unasema mali yangu ni hii, madeni ni haya, siwezi kulipa. Korti ikikubali, unatangazwa mufilisi. Mali inauzwa, lakini vifaa vya kazi ya mkono wako unabaki navyo, na hao wa simu wanakoma."

"Na watu watajua?"

"Tangazo litatoka gazetini. Hilo siwezi kukufichia."

"Afadhali nife."

"Wengi husema hivyo kwenye hicho kiti," Sitati alisema bila kutabasamu. "Mmoja alifanya."

Wachuka alirudi Bahati na fomu ndani ya mkoba, akampelekea kaka yake Mwaura, mzee wa kanisa na mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwaura alisoma ukurasa wa kwanza tu.

"Jina la baba litoke gazetini? Mufilisi?" Aliikunja fomu kama mtu anayefunga kidonda. "Hapana. Tutafanya mchango. Tuseme ni figo."

"Figo ya nani?"

"Yako. Deni hakuna mtu atachangia, hata wewe huwezi. Lakini figo, watu wa hapa watatoa."

"Na wakiniona nikitembea?"

"Si utatembea polepole."

Wachuka hakukubali. Hakukataa pia, na Mwaura alitosheka na hilo. Kufikia Ijumaa kulikuwa na kikundi cha WhatsApp kilichoitwa Marafiki wa Wachuka, Matibabu. Picha yake iliyowekwa ilipigwa kwenye mazishi ya shangazi yao, akiwa analia. Michango iliingia na aya za Biblia. Jumapili Wachuka aliingia kanisani akiwa amejifunga shali, akatembea polepole, na watu waliokuwa wakimtazama kwa jicho la pembeni tangu wapigiwe simu na wakopeshaji wakasimama kumpisha. Akina mama walimletea chakula kisichotiwa chumvi, cha mgonjwa wa figo. Alikila chote mbele yao, na wakamsifu kwa ujasiri wake.

Jumatatu asubuhi Achola alifika. Achola aliuza mitumba kwenye kibanda kilichopakana na duka la Wachuka, na kila siku saa nne aliingia humo kunywa chai akiwa amekalia kigoda kilekile karibu na mashine. Siku hiyo alikuwa amevaa viatu vya safari.

"Mchango wangu umeona ni kidogo, usinicheke," alisema. "Lakini nimefikiria. Mimi niko na mbili."

"Mbili za nini?"

"Figo, Wachuka! Kwani tunaongea juu ya nini? Vaa twende Nakuru watupime damu. Zikiingiana, unachukua moja. Ya Mjaluo ni ngumu, itakuzika na bado ifanye kazi."

Alicheka mwenyewe. Wachuka alijaribu kucheka, akashindwa. Alimtazama mwanamke yule aliyefunga biashara siku ya soko, viatu vimepakwa rangi, tayari kulala mezani akatwe. Alichukua simu. Aliandika mbele ya Achola, kwenye kikundi: Siumwi. Figo zangu ni nzima. Nina madeni nisiyoweza kulipa na ninaenda kortini kusema hivyo. Mtarudishiwa pesa zenu.

Kisha akamwonyesha.

Achola alisoma mara mbili. "Ningekatwa," alisema. "Ningekatwa, na wewe umekaa hapo unaniangalia."

Alitoka bila kunywa chai. Kwenye simu watu walianza kuondoka kikundini, jina baada ya jina. Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa akina mama. Mwaura alipiga akasema neno moja, "Umeniua," akakata. Pesa za watu ni yeye aliyezirudisha zote. Nyumbani kwa dada yake hajakanyaga tena.

Wachuka alijaza fomu siku hiyohiyo. Kortini hakuna aliyemcheka, wala aliyemhurumia. Palikuwa na jaji aliyeuliza maswali na karani aliyepiga chafya. Tangazo lilipotoka, alinunua gazeti akiwa amejiandaa kuona jina lake limejaa ukurasa. Lilikuwa kwa herufi ndogo, chini ya hati ya shamba iliyopotea. Alilisoma akiwa amesimama barabarani, mchana, watu wakipita. Alipomaliza aligundua kwamba bado amesimama.

Simu ilinyamaza. Hilo sheria iliweza. Haikuweza kuwazuia wateja waliokuja kuchukua nyuzi zao kabla hazijafumwa, wakihofia kwamba zingeuzwa pamoja na mali yake, wala akina mama waliolichukua sanduku la hazina wakisema, "Ili upumzike, mama." Alipowadanganya kuhusu figo walikuwepo, wakimlisha. Alipowaambia ukweli walijiona wametapeliwa na ukweli wenyewe.

Afisa aliyesimamia mali yake aliuza mashine mbili na zile sweta mia sita. Wachuka alibaki na mashine moja na kigoda, akahamia nyuma ya kinu cha posho.

Mwezi wa saba baridi ilipoingia, Achola alisimama mlangoni na gunia. Alikuwa amezinunua sweta zote mia sita kwa yule afisa, na hilo lilikuwa gunia la kwanza.

"Watu wazima hawataki kuonekana wanafunzi," alisema, akiangalia ukuta. "Utoe huo mstari wa njano, uweke maruni. Moja utafanya ngapi?"

"Hamsini."

"Arobaini. Na nalipa sasa. Hatukopeshani."

"Siruhusiwi kukopa," Wachuka alisema. "Iko kwenye sheria."

Achola alikaribia kucheka, akajizuia. Wachuka alivuta sweta ya kwanza, akatafuta mwisho wa uzi wa njano, ule aliouficha yeye mwenyewe kwa ustadi ili usionekane, akaanza kuufumua. Kazi aliyoikopea ilikuwa ikitoka mikononi mwake kwa shilingi arobaini.

"Ile figo sikuwa natania," Achola alisema.

"Najua. Ndiyo sababu niliandika."

"Ungeniambia kwanza. Kabla ya chakula bila chumvi. Kabla ya hiyo shali yako."

"Ilifaa nikuambie."

"Sijakusamehe."

"Kaa basi nimalize hii, uione kama inakufaa."

Kigoda kilikuwa pale pale karibu na mashine. Achola alikitazama, akahamisha gunia kutoka bega moja hadi jingine, na akaendelea kusimama.