Maziwa ya Kizibiti

Polikarp wa Mshangano alikamatwa pamoja na ng'ombe wake. Yeye akatiwa mahabusu. Ng'ombe, kwa kuwa kituoni hakuna majani, akapelekwa Bombambili nyumbani kwa Koplo Gaudence, akaitwa kizibiti.

Mshitaki alikuwa Baltazar, aliyemuuzia ng'ombe huyo kwa hiari yake, mbele ya watu. Enzi za ruksa ya biashara zilipoingia, hoteli zikafunguliwa kila kona ya mji, maziwa yakapanda bei. Baltazar akaona kauza bahati, akasema kaibiwa. Mwanamume mzima!

Kesi ikiitwa, mwendesha mashitaka hujibu, "Upelelezi haujakamilika, mheshimiwa." Hakimu hata hainui macho. Polikarp hurudi kulala ubavu kwa ubavu na wezi wa kweli, kifua kikizidi kubana. Jumapili moja mkewe, Walburga, alimtazama kupitia wavu, akajua mumewe hatavuka masika humo ndani.

"Wanapeleleza nini, mama Lidwina?" Polikarp alimuuliza mkewe.

"Kiwele. Maziwa yakikatika, upelelezi utakamilika."

Kesho yake Walburga akaenda Bombambili. Koplo alimpa shikamoo. Adabu ya mdomoni alikuwa nayo tele.

"Marahaba. Nasikia ng'ombe anampiga mkeo mateke."

"Kamwaga ndoo nzima, mama. Mnyama wenu haheshimu serikali!"

"Mimi ananijua. Nitawakamulia."

Mjinga akafurahi. Hakujiuliza hata kidogo mke wa mahabusu anamtakia nini.

Walburga akawa anakamua nusu, nusu anaiacha kiweleni. Siku nyingine haji kabisa. Kiwele kikavimba, ng'ombe akawa anamgeukia na kumtazama. Walburga alijifuta machozi kwa kanga, akaendelea vilevile. Ndoo ikawa kopo, kopo likawa kikombe. Koplo akamlaumu mkewe, akalaumu majani, akalaumu wachawi. Mwisho hata tone halikutoka.

Kesi ilipoitwa tena, mwendesha mashitaka akasema, "Mheshimiwa, hatuna nia ya kuendelea." Baltazar hakuonekana. Ng'ombe mkavu nani amtake?

Polikarp alitoka mifupa mitupu. Wakaenda wote wawili Bombambili.

"Mchukueni," alisema Koplo. "Ananimalizia majani bure."

"Ahsante kwa kumtunza, mwanangu. Na pole kwa upelelezi."

"Tumeshapoa, mama," akajibu Koplo, kwa moyo wake wote.

Polikarp alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Walburga akamshika kiuno, wakamswaga ng'ombe wao polepole kwenda Mshangano.