Siku Niliyotafuta Klachi Kwenye Gari la Mzee Omari

Jamani, nitawasimulia, lakini atakayecheka kabla sijamaliza naacha hapohapo, maana aibu hii nimeibeba miaka mingi na mpaka leo nikienda Zuzu nikifika pale relini nageuza uso.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, magari yaliyotumika Japani yanamiminika nchini, na mimi nilikuwa karani wa wizara hapa Dodoma, kijana mwenye suruali mbili za ofisini na kijigari kimoja cha zamani nilichorithi kwa mjomba, gia ya mkono, stelingi nzito kama kusaga ulezi kwenye jiwe. Kila Jumamosi nilikuwa kwenye gereji ya rafiki yangu, fundi Chiloya, kule Nkuhungu, tunabishana magari mpaka chai inapoa. Hoja yangu ilikuwa moja tu, kwamba hizi gari ndogo za kisasa, hizi za saluni, zimeondolewa ujana. Zamani gari dogo lilikuwa na ubishi wake, tairi za nyuma zinakusukuma, kona za mlimani kwenda Kondoa unazisikia mikononi, ukikosea gia linakugombeza. Haya mapya yana viti kama makochi, stelingi unazungusha kwa kidole, injini haisikiki, na baya kuliko yote, ni otomatiki, gia zinajibadili zenyewe!

"Gari linajiendesha lenyewe," nilikuwa nasema, "sasa dereva wa nini?"

"Yasini, watu wanataka kufika," Chiloya ananijibu huku kalala chini ya gari la mtu. "Hawataki mieleka."

Mimi namwona hajui kitu. Maneno yangu yakasambaa, nikapewa sifa ya mtaalamu wa magari, nami sikuikataa. (Kuendesha otomatiki nilikuwa sijawahi hata mara moja. Nilikuwa nimekaa ndani ya moja, pale gereji, limezimwa.)

Sasa basi. Nilikuwa nimepeleka barua ya posa kwa Mzee Omari, mfanyabiashara wa alizeti, mtu wa Kondoa, nikimtaka binti yake Zaina, mwalimu wa shule ya msingi, msichana mwenye macho ya kukusahihisha hata ukiwa umenyamaza. Jibu lilikuwa bado. Siku ya nikaha ya binti wa kaka yake kule Zuzu, Mzee akaniita nyumbani asubuhi. Baba wa bibi harusi alishafariki, Mzee ndiye walii wa kumwozesha, bila yeye hakuna ndoa. Na uani limesimama gari lake jipya, saluni nyeupe imetoka Dar juzi tu, ila dereva wake ameamka na homa kali.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia wewe ni bingwa wa magari. Tupeleke Zuzu. Na lile jambo lako tutaongea tukirudi."

Zaina alikuwa mlangoni, akaangalia gari, akaniangalia mimi.

"Yasini, umeshawahi kuendesha la otomatiki?"

Ningesema sijawahi, Chiloya angeitwa na yangeishia hapo. Lakini baba mkwe mtarajiwa ananitazama, nami ndiye bingwa!

"Mara nyingi tu," nikasema.

Tukapanda. Mzee mbele na kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka, nyuma Zaina na shangazi yake Bi Mwajuma, aliyepakata ndoo ya asali ya Kondoa ya kupeleka kwa wakwe. Herufi D nilishasikia ndiyo ya kwendea, nikavuta kijiti cha gia, gari likaanza kunyata lenyewe kabla sijakanyaga chochote. Mguu wa kulia una kazi, wa kushoto hauna, basi unapapasa tu pale chini unatafuta klachi yake.

Tulipotoka mjini gari likachanganya mwendo, na mimi kwa mazoea nikaona huu ndio wakati wa kuingiza gia namba tatu, nikaukandamiza mguu wa kushoto kwa nguvu zangu zote kwenye klachi. Klachi yenyewe haipo. Niliyoikandamiza ni breki, pana kama kigoda. Gari likajifunga palepale, kofia ya Mzee ikagonga kioo, Bi Mwajuma akapiga "Yallah!" na nusu ndoo ya asali ikammwagikia Mzee kuanzia shingoni.

"Kuna nini?" Mzee akauliza taratibu.

"Mbuzi alikatiza, baba." (Mbuzi! Barabara nyeupe, hata kuku hakuna.)

Kwenye kioo nikaona macho ya Zaina. Yalikuwa yanamtafuta huyo mbuzi.

Adhuhuri inakaribia, watu wanamsubiri walii. Tukafika kwenye reli, ng'ambo naona turubai la harusi na watu wametoka kutupokea. Tairi za mbele zikaruka chuma, gari likanesa, nami nikashtuka nikarudia ujinga uleule, mguu wa kushoto chini, likasimama katikati ya reli. Mkono nao haukungoja kuambiwa, ukabana kitufe ukasukuma kijiti mbele kabisa, kumbe kwenye P ya kuegeshea, maana kwenye gari langu mimi namba moja iko mbele. Nikakanyaga mafuta, injini ikanguruma, gari halitikisiki. Nikakanyaga tena. Wapi!

Ndipo tukasikia honi kutoka kwenye kona ya reli.

"Shukeni!" nikapiga kelele. Mzee akashuka, Zaina akashuka, Bi Mwajuma akagoma, eti haachi asali ya watu. Wageni wa harusi wakaja mbio na kanzu zao, tukalisukuma kwa nyuma, wazee kwa vijana, gari limeng'ang'ana kama limeota mizizi. Honi ikalia tena, karibu zaidi. Zaina anamvuta shangazi yake mkono, shangazi havutiki, nami nasukuma huku nalia, kweli nalia, Mungu wangu nimeua mtu kwa ajili ya sifa.

"Yule dereva aliyelileta toka Dar alikuwa anavuta hiki!" nikasikia sauti ya Bi Mwajuma, akapenyeza mkono katikati ya viti, akabana kitufe na kukivuta kijiti. Gari likaondoka. Limetuacha wote nyuma, mimi nimeanguka kifudifudi juu ya mataruma ya reli, lenyewe linavuka reli taratibu na bibi kizee kiti cha nyuma, mpaka likajisimika kwenye uzio wa minyaa mbele ya turubai. Na kwenye kona kikatokea kiberenge tu, kile kigari cha mafundi wa reli, watu wanne. Wakafunga breki wakanitazama nilivyolala.

"Kaka, dereva wa lile gari ni nani?"

Nikainuka nikaanza kupangusa suruali.

Nikaha ilifungwa kwa kuchelewa, walii ananuka asali, nzi wote wa Zuzu wamehamia kwake. Kurudi akaendesha mtu mwingine. Mzee, Mungu ambariki, alicheka njia nzima, akanipiga bega: "Bati linanyooshwa, mwanangu." Nikalala na matumaini.

Baada ya siku tatu mshenga wangu akarudi na barua yangu. Mshenga akaniambia Mzee alikuwa radhi, tena alinitetea. Aliyekataa ni Zaina.

"Anasema gari amelisamehe, na asali ameisamehe," mshenga akasema, ananiangalia miguu. "Ila alikuuliza swali moja mbele ya baba yake, ukamdanganya. Tena ukaongeza na mbuzi."

Kuhusu magari sijabadilika, hizi saluni za siku hizi hazina moyo, njooni tubishane. Lakini nimeapa, nikiulizwa kitu nisichowahi kukifanya nasema sijawahi, hata mbele ya nani. Ni neno dogo tu, na lilinishinda asubuhi ile. Zaina aliolewa na mwalimu mwenzake, mtu asiyejua hata kubadilisha tairi, na wanaishi vizuri.