Gari la Rangi ya Chai

Wenzangu mliokulia Kawangware wakati ule mahindi yalipandwa mpaka ukutani pa nyumba, nyinyi mtanielewa bila maelezo mengi. Mvua ikinyesha, tope lilimvua mtu viatu. Jua likiwaka, vumbi jekundu liliingia mpaka kwenye githeri, na tulikula hivyo hivyo. Tulicheza kati, tukikwepa mpira wa makaratasi ya nailoni, tukacheza bano, zile gololi, mpaka vidole vikapasuka, na tukiitwa nyumbani tulijifanya hatusikii mpaka liitwe jina la ubatizo. Likiitwa la ubatizo ulijua mama ameshika mwiko. Wajukuu wangu ukiwaita kula, wanakuambia ngoja simu ijae chaji kwanza.

Basi kama mnakumbuka hayo, mnalikumbuka na gari la baba yangu. Mlikuwa mkiliita Chai Baridi. Msikatae, ni nyinyi.

Baba alikuwa fundi wa magari katika gereji moja kule Indasitrial Eria. Alikuja Nairobi kutoka upande wa ziwa mwaka mmoja au miwili baada ya Uhuru, akapanga vyumba viwili kwa Mama Wambui, mwenye ploti, mama wa Kikuyu mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Gari lenyewe alilipata kwa mwalimu mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa dogo, jeusi, limeliwa na kutu. Baba alipotaka kulipaka rangi alimuuliza mama anataka gani. Mama hakufikiria sana. Aliinua kikombe chake cha chai, yenye maziwa mengi, akasema, "Kama hii." Baba akachukua kikombe kile mpaka gereji, akachanganya rangi mpaka ikalingana.

Mama alijifunza kuendesha humo humo uani. Siku ya kwanza aligonga mwimo wa geti, mlango wa kushoto ukabonyea ndani. Alishuka, akaugombeza ule mwimo mbele ya watu, "Na wewe umesimama hapa kufanya nini?" Mama Wambui alicheka mpaka akakaa chini. Baba alisema atanyoosha mlango ule Disemba. Ndivyo alivyokuwa akisema juu ya kila kitu cha gari lake, kwa sababu magari ya watu wengine yalikuwa yakimngoja kila siku. Mlango Disemba, injini Disemba.

Na injini ilihitaji Disemba kweli. Kulikuwa na kilima cha kutoka mtoni kwenda kwenye barabara ya lami, mnakijua. Likifika katikati, gari letu lilipiga kwikwi, likatoa mvuke, likasimama. Tulishuka sote tukasukuma tukiwa na nguo za kanisani. Mama alijifunga leso kiunoni akasukuma kuliko wanaume, huku akimwambia baba, "Wewe kaa tu hapo kwa usukani kama gavana!" Tulifika kanisani tumechelewa na tumelowa jasho, na sijawahi kufurahi tena jinsi nilivyofurahi kwenye kilima kile. Nawaambia ukweli.

Mwaka niliotimiza miaka tisa, mama alikuwa mjamzito. Siku moja ya likizo, mchana, alikuwa anafua, akainama akashindwa kuinuka. Damu. Baba, kwa bahati, alikuwa nyumbani. Alimbeba akamlaza kiti cha nyuma, Mama Wambui akaingia naye, mimi nikaingia mbele kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kunizuia.

Gari lilisimama pale pale katikati ya kilima. Mama Wambui akashuka akapiga kelele, wakaja vijana wa mkokoteni, wakaja akina mama waliokuwa wakiteka maji mtoni, na mimi nikaweka mikono yangu juu ya chuma kilichochemka. Tulisukuma. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Hospitali tulifika, lakini mama na mtoto hawakurudi nyumbani. Muuguzi mmoja, kwa upole wa kweli, alimshika baba bega akamwambia, "Mngewahi kidogo tu, mzee." Alikuwa anampa pole. Hakujua amempa mzigo wa maisha.

Baba hakuongea mwezi mzima, isipokuwa maneno ya lazima, kama kuleni, laleni, fungeni mlango. Halafu pale gereji likaletwa gari kubwa la tajiri fulani lililopinduka. Bodi ilikuwa imeisha, lakini injini haikuguswa. Bosi wake akamwachia injini hiyo. Jumamosi moja baba akaipakia kwenye mkokoteni akaipeleka Kibera, Laini Saba, kwa rafiki yake Osore aliyekuwa akichomelea vyuma karibu na reli, na gari letu likakaa huko.

Wikendi zetu zikawa za Laini Saba. Tulitembea kwa miguu mimi na wadogo zangu wawili kutoka Kawangware, tukinunua mahindi ya kuchoma njiani. Treni ikipita, spana ziliruka juu ya meza na Osore akamnyooshea dereva ngumi kila mara kama ni mara ya kwanza. Waliukata ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini, kwa sababu injini mpya ilikuwa kama mguu wa mtu mzima unaotiwa kiatu cha mtoto. Wakabadilisha giaboksi, breki, springi, rejeta. Chini ya bodi ile hakikubaki kitu ambacho yule mwalimu Mzungu angekitambua.

Osore alitaka kumaliza kazi kama fundi anavyomaliza kazi.

"Baba Atieno, wacha ninyooshe hii mlango. Ni nyundo kidogo tu."

"Hiyo usiguse."

"Haya. Na rangi je? Imebambuka."

"Rangi pia wacha."

"Sasa wewe, injini ya mkubwa ndani, na nje sura ya kuomba msaada? Watu watakucheka."

"Wacheke. Hiyo sura ni ya mama yao."

Osore akashusha kinyago cha kuchomelea usoni, akakaa nacho hivyo muda mrefu bila kuchomelea chochote.

Hata mlio, baba hakutaka ubadilike. Alizungusha ekzosi, akafunga vidude viwili vya kuzima sauti, akasikiliza, akafungua, akafunga tena. Alitaka likingoja getini lisikike kama lilivyosikika mama akiwa hai. Ndiyo maana nyinyi hamkujua kitu. Mliendelea kuimba "Chai Baridi! Chai Baridi!" na baba akawapungia mkono.

Lakini nilikuwepo siku ile kwenye Ngong Road. Tulikuwa tumepakia kabichi za Mama Wambui mpaka juu ya keria ya paani, na kijana mmoja mwenye gari jipya na miwani myeusi akatupigia honi tumpishe. Alipopita alitutazama kama watu wa kuhurumiwa. Baba alibadilisha gia, na kichwa changu kikagonga kiti. Nilipogeuka, miwani ile ilikuwa mbali nyuma yetu, mdomo wazi, na kabichi moja inabingirika barabarani kuelekea kwake. Wadogo zangu walipiga makofi. Nilimtazama baba nione kama anacheka. Alikuwa anatazama mbele tu.

Nilidhani amepona kidogo. Nilikuwa mtoto.

Kisha Wambui, binti wa mwenye ploti, akashikwa na uchungu wa uzazi. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mkunga wa mtaa alitoka nje akipangusa mikono, akasema huyu apelekwe sasa hivi, asingoje. Mama Wambui hakupiga kelele siku hiyo. Alikuja mpaka mlangoni petu akasimama tu. Baba alishaanza kutafuta ufunguo.

Mama Wambui ndiye aliyenisimulia baadaye. Aliingia nyuma na binti yake, mahali pale pale alipokuwa amekaa na mama yangu. Walipofika mtoni alifumba macho, akaanza kuomba kwa Kikuyu. Alipofumbua walikuwa juu, kwenye lami. Hakuhisi kilima. Hakukuwa na kwikwi wala mvuke, na hakuna aliyeshuka. Wambui alijifungua salama mtoto wa kiume mwenye kelele za nyanya yake.

Ploti nzima ilipiga vigelegele gari liliporudi. Watu waliimba, walilizunguka, waligonga boneti kwa viganja. Mama Wambui alishuka akicheza. Baba hakushuka. Watu walipoingia ndani kunywa chai, nilimfuata. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na injini imezimwa, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola ya shati la Jumapili. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata makaburini.

"Atieno," akasema, "kumbe kile kilima kinapandika."

Nikamwambia, "Ndiyo baba, kimepandika. Wambui amepona."

"Kinapandika," akarudia. "Na mimi nilikuwa fundi hata wakati ule."

Aliendelea kuwabeba wajawazito. Mtu hawezi kukataa mke wa jirani aliye na uchungu. Habari zilienea mpaka Riruta, na kwa miaka mingi, mwenye shida alijua mlango wa kugonga. Kila aliporudi alikaa mle garini peke yake, nasi tulijifunza kutomwita mpaka atoke mwenyewe. Alizeeka hivyo. Injini ikaja kuchoka, gari likauzwa kama vyuma kuukuu, na yeye akamfuata mama.

Siku hizi kilima kimepunguzwa kwa tingatinga, kuna lami na daraja la saruji, na hata bodaboda yenye abiria watatu inapanda bila mtu kugeuza kichwa. Mjukuu wangu ana gari la mlio wa kuvunja madirisha, taa za buluu chini, stika mpaka kwenye vioo, na akiona tuta anasimama asikwaruze. Nguvu yote iko nje. Namtania, anacheka, anasema "Shosho, hii ni swag." Sawa. Nampenda hivyo hivyo, na namwombea asiwahi kuwa na sababu ya kuficha nguvu ndani.

Mara kwa mara, sokoni au matangani, mtu mzima ananisimamisha, mwanamume mwenye mvi au mama mwenye watoto wakubwa. "Wewe si Atieno? Mimi nilizaliwa kwa sababu ya gari ya baba yako." Ananikumbatia. Namshukuru, namuuliza hali ya mamake, ananiambia mama yuko, mzee tu, miguu inasumbua. Natabasamu. Na moyoni, mimi bibi mwenye wajukuu, naona wivu wa mtoto wa miaka tisa. Mama zao walifika.